Wahitimu wajibu usaili kwa kazi waliyoifanya, waajiri nao watoe pa kuanzia

KILA mwaka mahafali ya vyuo vikuu yanapomalizika, vijana wengi hurejea makwao na kuanza mtihani mgumu kuliko yote waliyoifanya chuoni, yaani kutafuta kazi. Katika Kata ya Chemchem, hapa Manispaa ya Tabora, na katika kata nyingine za mji huu kama Kanyenye, Gongoni na Isevya, haipiti wiki bila kumwona kijana katika duka la kutoa nakala akipanga vyeti ndani ya bahasha ya kaki, au akijaza maombi kwa simu yake ya mkononi. Wengi wao wamesomeshwa kwa fedha za tumbaku, asali, mpunga au ng'ombe waliouzwa mnadani. Kijana huyo amekaa darasani miaka 16: saba ya shule ya msingi, minne ya sekondari, miwili ya kidato cha tano na cha sita, na mitatu ya chuo. Lakini anapoitwa kwenye usaili, hatima yake huamuliwa ndani ya dakika 20.

Ushindani wenyewe si wa kawaida. Juni 2014, vijana zaidi ya 10,000 walikusanyika Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, kufanyiwa usaili wa nafasi 70 za Idara ya Uhamiaji. Mwaka 2025, waombaji zaidi ya 135,000 waliwania nafasi 1,596 za Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA). Hao ni waombaji takribani 85 kwa kila nafasi moja. Kwa hesabu hizo, anayewaambia vijana kuwa tatizo la ajira litakwisha wakijua tu kujibu maswali, anawadanganya. Ajira zenyewe ni chache.

Hata hivyo, kijana anayefanikiwa kufika mbele ya jopo la usaili amekwisha kuwapita wenzake wengi. Akiipoteza nafasi hiyo kwa sababu tu hakujua kueleza alichonacho, hasara inakuwa yake, ya wazazi wake na ya mwajiri pia. Nikiwa mchumi kilimo ambaye ameshiriki mara kadhaa katika kusaili vijana kwa kazi za ushirika na ugani, ninachokiona mara kwa mara si upungufu wa elimu. Ni vijana wenye kazi waliyokwisha kuifanya, lakini wanaoificha na badala yake kutoa majibu ya kukariri.

Jopo lililo makini linatafuta jambo moja tu katika maswali yake yote: ushahidi kwamba huyu mtu ataiweza kazi. Swali linaweza kubadilika sura, lakini jibu linalotakiwa ni lile lile. Ulifanya nini, wapi, kwa kiasi gani, na matokeo yake yakawaje?

Tuanze na swali linalofungua karibu kila usaili: “Jieleze.” Wengi hulijibu kwa kusimulia wasifu wote, kuanzia siku ya kuzaliwa, idadi ya ndugu, shule ya msingi waliyosoma, hadi michezo waipendayo. Hayo jopo linayo mezani. Tuchukue mfano wa mhitimu kutoka Urambo anayeomba kazi ya kufuatilia mikopo ya wakulima. Anaweza kusema hivi: “Nimehitimu uchumi kilimo Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Nilipokwenda fildi nilikaa wiki nane katika chama cha msingi, nikisaidia kuandika daftari la madeni ya pembejeo ya wakulima 64. Nyumbani tunalima tumbaku ekari mbili, na hesabu za shamba ninaziweka mimi tangu nikiwa kidato cha nne. Nimeomba kazi hii kwa sababu tangazo lenu linataka mtu wa kufuatilia mikopo, na hiyo ndiyo kazi niliyoanza kuijua.” Ni sentensi nne, hazimalizi dakika moja, na kila moja inaweza kuulizwa swali la ziada.

Swali la pili ndilo linalowavunja moyo wahitimu wengi: “Una uzoefu gani?” Kijana huinamisha kichwa na kujibu kwamba hana, kwani ndiyo kwanza amemaliza chuo. Jibu hilo kwa watoto wengi wa Tabora si la kweli. Kijana aliyekulia kwenye tumbaku amekwisha kumwagilia vitalu, kuhamisha miche mvua zinapoanza, kuvuna majani, kukesha akichochea moto wa bani, kuchambua madaraja na kufunga marobota. Anajua jani likikaushwa vibaya linashuka daraja, na daraja likishuka fedha inapungua. Aliyefuatana na mjomba wake porini Sikonge kurina asali anajua msimu, anajua mizinga, na anajua kwa nini mnunuzi anauliza kiasi cha maji kilichomo ndani ya asali. Binti aliyemsaidia mama yake kuuza mchele sokoni amejifunza kukopesha, kudai na kufunga hesabu ya siku. Haya yote ni uzoefu. Tatizo ni kwamba shule zetu zimetufundisha kuyaita “kazi za nyumbani,” na kijana anaona aibu kuyataja mbele ya watu waliovaa suti.

Ni vyema ikaeleweka kwamba uzoefu wa namna hii hauna thamani ukitajwa kwa jumla. Kusema “nimelima” hakumsaidii mtu. Kusema “msimu uliopita niliweka hesabu ya vibarua sita na nikagundua palizi ilitugharimu kuliko mbolea” kunamfanya msaili aweke kalamu chini na kusikiliza. Namba si lazima ziwe kubwa, bali ziwe za kweli. Msaili anayeijua kazi yake atauliza swali la pili na la tatu, na aliyetunga uongo hukwama hapo.

Kuna maswali ambayo majibu yake yamekuwa kama wimbo wa taifa. “Udhaifu wako ni upi?” Kijana anajibu kuwa udhaifu wake ni kufanya kazi kupita kiasi, au kutopenda kuona kazi inalala. Jopo limelisikia jibu hilo asubuhi hiyo hiyo kutoka kwa watu watano. Ni bora kutaja upungufu wa kweli, usioua kazi unayoomba, na hatua uliyochukua kuurekebisha. Kwa mfano, anayeomba kazi ya ugani Uyui anaweza kusema kuwa Kinyamwezi anakisikia lakini hakizungumzi vizuri, na kwamba wakati wa fildi alijizoeza kwa kusalimia na kuuliza habari za shamba kwa lugha hiyo kabla ya kuhamia Kiswahili. Jibu hilo lina udhaifu, lina juhudi, na linaonyesha kuwa mtu huyu anaijua kazi anayoiomba.

Vivyo hivyo kwa swali la “Tueleze mara uliposhindwa.” Hapa wengi husema hawajawahi kushindwa. Mtu ambaye hajawahi kushindwa shambani hajalima. Eleza shamba darasa la alizeti ambalo mbegu zake hazikuota kwa sababu zilipandwa kabla udongo haujashika unyevu, kisha eleza ulivyorudia kupanda, gharama yake, na unachofanya sasa kabla ya kupanda. Jopo halitafuti malaika, linatafuta mtu anayeweza kusema chanzo cha kosa bila kuwasingizia wengine.

“Kwa nini tukuajiri wewe?” Swali hili halijibiki bila kumjua mwajiri, na hapo ndipo uvivu wetu unapoonekana. Kijana anaomba kazi katika sekta ya tumbaku bila kujua kwamba bei zake hupangwa kwa dola ya Marekani, kwamba pembejeo hukopeshwa kupitia chama cha msingi na kukatwa mkulima anapouza, na kwamba ukaushaji hula kuni nyingi kiasi kwamba upandaji miti ni sehemu ya kazi yenyewe. Haya hayahitaji shahada. Yanahitaji kukaa nusu siku na katibu wa chama cha msingi, au kufika Tumbi kwenye utafiti na kuuliza. Aliyefanya hivyo ataonekana tangu jibu la kwanza.

“Baada ya miaka mitano utakuwa wapi?” Wapo wanaomwambia msaili watakuwa wamekaa kwenye kiti chake. Wapo pia wanaosema watakuwa wameacha kazi na kufungua biashara yao. Yote mawili yanaweza kuwa kweli, lakini mwajiri anataka kujua kama atavuna anachokipanda kwako. Taja ujuzi unaotaka kuwa nao na jinsi utakavyomsaidia yeye. Inatosha.

Kwa kazi za kilimo na biashara lipo swali la hesabu, ambalo huwaangusha hata wenye alama nzuri. Tuseme mkulima amepata gunia 12 za mahindi kwa ekari, ametumia Sh 480,000, na bei kijijini ni Sh 45,000 kwa gunia. Je, amepata faida? Wengi huanza kutoa maana ya faida kama ilivyo kwenye daftari la chuo. Jibu ni fupi: ameuza kwa Sh 540,000, amebakiwa na Sh 60,000, na bei ya kurudisha gharama ni Sh 40,000 kwa gunia. Bei ikishuka hadi Sh 38,000 atapata hasara ya Sh 24,000. Mhitimu mzuri ataongeza swali moja: je, ndani ya zile Sh 480,000 jembe la mke na watoto wake limehesabiwa? Swali hilo peke yake huonyesha nani amefika shambani na nani amesoma tu habari zake.

Kisha linakuja swali la mshahara. Kijana anasema “wowote mtakaonipa,” akidhani ni heshima, au anataja kiwango alichokisikia kwa rafiki yake aliyeko Dar es Salaam. Afadhali aje na hesabu. Tuseme sekta binafsi inamlipa Sh 700,000. Mchango wake wa asilimia 10 kwa Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii (NSSF) ni Sh 70,000. Kwa viwango vya kodi ya mshahara vilivyoanza Julai 2021, atakatwa Sh 42,000. Kama alisoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, asilimia 15 ni Sh 105,000. Anabakiwa na Sh 483,000, kabla ya pango, chakula na nauli. Anayeijua hesabu hii anaweza kutaja kiwango cha chini na cha juu kwa adabu, na kuuliza kama kuna pikipiki, mafuta au posho ya kwenda vijijini. Msaili hatamwona mroho, atamwona mtu mwenye mahesabu.

Tukumbuke pia mambo madogo yanayoonekana kama hayana uzito. Ukiingia, wasalimie kwa utaratibu. Shikamoo kwa wakubwa haijawahi kumpunguzia mtu alama katika mkoa huu. Subiri kukaribishwa kiti. Swali usilolielewa omba lirudiwe. Usilolijua sema hulijui, kisha eleza ungelitafutia wapi jibu. Na mwishoni ukiulizwa kama una swali, usiseme huna. Uliza kazi ya miezi mitatu ya kwanza itakuwa ipi.

Lakini haki haidai kwamba mzigo wote abebe kijana. Majopo yetu nayo yana makosa yake. Msichana anaulizwa kama ameolewa, au anatarajia kuzaa lini, mambo ambayo mvulana aliyetoka dakika tano kabla hakuulizwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi kwa misingi ya jinsi, ujauzito, hali ya ndoa, kabila, dini, ulemavu na mengineyo, na katazo hilo linagusa hata hatua ya kuajiri. Msichana anayeulizwa hivyo anaweza kujibu kwa utulivu kwamba hakuna katika maisha yake kitakachomzuia kutimiza majukumu yaliyotajwa kwenye tangazo, kisha akayarudia majukumu hayo. Na pale anapodaiwa rushwa ya ngono ili apate kazi, hiyo si sehemu ya usaili. Ni kosa la jinai chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, na Takukuru hupokea taarifa kwa simu namba 113 bila malipo.

Suala la lugha nalo litazamwe. Kazi ya afisa ugani wa Kaliua hufanywa kwa Kiswahili, na wakati mwingine kwa Kinyamwezi au Kisukuma. Kwa nini basi usaili wake uwe wa Kiingereza mwanzo hadi mwisho? Kama kazi inahitaji kuandika ripoti kwa Kiingereza, apewe karatasi aandike. Lakini uwezo wa kumweleza mkulima kwa nini asipande mbegu iliyobaki ghalani upimwe kwa lugha atakayoitumia kumweleza.

Kubwa kuliko yote ni matangazo ya kazi za ngazi ya kuanzia yanayodai uzoefu wa miaka mitatu au mitano. Historia ya mji wetu wenyewe inatufundisha tofauti. Katika karne ya 19, Tabora, ndani ya Unyanyembe, ilikuwa njia panda ya misafara, njia moja ikitoka Bagamoyo, nyingine ikielekea Ujiji, nyingine Karagwe na Buganda. Biashara ile ilikuwa na machungu yake, kwani pamoja na pembe za ndovu walisafirishwa pia watumwa. Lakini kulikuwa na wapagazi wa Kinyamwezi waliofanya kazi ya kulipwa, waliopatana ujira wao kwanza ndipo wabebe mzigo wa takribani kilo 30. Kirangozi aliyetangulia msafara alipewa kazi kwa sababu njia alikwisha kuipita, na kijana ambaye hajafika pwani hakuhesabiwa kuwa mtu mzima kamili. Kwa maneno mengine, swali la uzoefu liliulizwa hata wakati ule. Tofauti ni kwamba vijana hawakuambiwa wakae nyumbani hadi wapate uzoefu. Walichukuliwa na wakubwa, wakapewa mzigo mdogo, wakajifunza njia kwa kuitembea.

Waajiri wa leo wanaweza kufanya hivyo. Vyama vya msingi vya Urambo, Kaliua, Sikonge na Uyui huzidiwa na kazi msimu wa masoko, wakati mizani, vitabu na madai ya wakulima vinapokuja kwa pamoja. Kila chama kikichukua mhitimu mmoja kwa miezi mitatu ya msimu huo, kwa posho ya kujikimu na chini ya usimamizi wa katibu, kijana atatoka na kitu cha kusema mbele ya jopo, na mkulima atapata hesabu iliyo safi. Serikali nayo imekuwa ikiratibu mafunzo ya uzoefu kazini kwa wahitimu. Manispaa na halmashauri zetu zihakikishe taarifa za nafasi hizo zinafika hadi ofisi za kata, ikiwemo Chemchem, badala ya kubaki kwa wenye ndugu mjini.

Vyuo pia vibadilike. Mwanafunzi anaporudi kutoka fildi, ripoti yake ipimwe kwa aliyoyafanya na siyo kwa wingi wa kurasa alizonakili. Asimame mbele ya wenzake dakika tano aeleze kazi aliyoifanya, namba alizokusanya na kilichomshinda. Akifanya hivyo mara tatu kabla ya kuhitimu, usaili hautakuwa jambo la kumtia jasho.

Kwa kijana unayesubiri kuitwa, usinunue kijitabu cha majibu. Chukua daftari, chora mistari minne: kazi niliyoifanya, mahali, kiasi, matokeo. Ijaze kuanzia shamba la nyumbani hadi fildi ya mwisho. Kisha mwombe mzee mmoja anayekujua akuulize maswali, na asikuonee huruma. Chemchem na Tabora nzima hazina upungufu wa vijana waliofanya kazi. Wanachohitaji ni ujasiri wa kuitaja kazi hiyo, na mwajiri aliye tayari kuisikiliza na kuwapa pa kuanzia.